Siku 11 bila bakapu

Ilikuwa Jumanne alasiri, mwaka 2021. Mwenzangu wa upande wa programu alivuta kiti akaketi karibu na meza yangu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Kaka, ile bakapu uliyonipa asubuhi, ina miamala mingapi?"

Nilimwambia namba kamili siijui, ila inapaswa kulingana na seva kuu, pungufu ya saa chache tu. Akanyamaza kidogo.

"Basi njoo uone."

Alikuwa anajiandaa kujaribu toleo jipya la programu yetu, na nilikuwa nimempa bakapu, yaani nakala ya akiba ya data yetu, ya usiku wa kuamkia siku ile airejeshe kwenye seva ya majaribio. Urejeshaji ulifika mwisho bila kulalamika. Majedwali yote yalikuwepo, kila moja na jina lake na safuwima zake. Jedwali la akaunti lilikuwa limejaa. La miamala, ambalo ndilo moyo wa mfumo wote, lilikuwa na kama theluthi ya mistari yake. Kuanzia hapo, kwa kufuata alfabeti, kila jedwali lilikuwa tupu. Risiti, sifuri. Vikao, sifuri. Wateja, sifuri.

Nilisimama nyuma ya kiti chake nikizisoma zile sifuri mara mbili, mara tatu. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba pengine yeye ndiye aliyekosea kurejesha. Naona aibu kidogo kukumbuka hilo, kwa sababu alikuwa amefanya kila kitu sawasawa.

Mpangilio wetu ulikuwa rahisi. Seva kuu ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, toleo la 12, na replika moja, yaani seva pacha iliyokuwa ikipokea mabadiliko yote muda uleule. Replika ilitumika kwa ripoti, na usiku kwa bakapu. Saa nane usiku skripti yangu iliita pg_dump, programu inayonakili hifadhidata nzima, kwenye replika, ikapitisha matokeo kwa gzip, inayobana faili, na faili likahifadhiwa kwenye diski nyingine. Tulichagua replika ili tusiilemee seva kuu, na hadi leo naona sababu hiyo ilikuwa nzuri. Hifadhidata ilikuwa na gigabaiti 300 hivi, na kazi nzima ilichukua karibu saa tatu.

Nilirudi mezani kwangu nikafungua saraka ya bakapu. Tulikuwa tunatunza faili 14, za wiki mbili. Zote zilikuwepo, na zote zilipita kipimo cha gzip cha kuangalia kama faili ni zima. Lakini nilipozipanga kwa tarehe nikatazama ukubwa, nilihisi baridi. Gigabaiti 41, kisha 17, kisha 41, kisha 22, kisha 15, kisha 19. Hifadhidata yetu ilikuwa haijawahi kupungua hata siku moja tangu izaliwe. Namba hizo zilikuwa zimekaa mbele ya macho yangu kila asubuhi, na kila asubuhi nilitazama kitu kimoja tu: je, faili la leo lipo?

Bakapu ya pg_dump ya maandishi matupu ina alama nzuri mwishoni, mstari unaotangaza kwamba kazi imekamilika. Usipokuwepo, faili limekatika. Tatizo ni kwamba huwezi kuruka hadi mwisho wa faili la gzip. Lazima ulifungue lote tangu mwanzo. Nikaanza na la siku ile. Dakika chache, kisha mistari mitano ya mwisho ikatokea: miamala, namba na tarehe, kisha kimya. Hakuna mstari wa kumaliza. Nikaenda la jana yake. Vilevile. La juzi. Vilevile.

Watu walianza kuondoka ofisini. Mwenzangu hakuondoka. Alivuta kiti chake karibu nami, akawa anaandika kwenye karatasi: tarehe, ukubwa, limekatika. Tarehe, ukubwa, limekatika. Tulipofika la saba hakuna aliyekuwa akisema neno. Katikati ya kusubiri nilikumbuka yaliyowapata GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, tarehe 31 Januari 2017, na ambayo wao wenyewe waliyaeleza hadharani kwa ukweli ninaouheshimu sana: mhandisi alifuta data kwenye seva isiyo sahihi, na walipoikimbilia bakapu ya pg_dump wakakuta haikuwepo, kwa sababu ilikuwa ikishindwa kila siku na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Nilikuwa nimeisoma habari ile zamani. Nilikuwa hata nimewasimulia wengine.

La kumi na mbili lilichukua zaidi ya robo saa kufunguka, na huo muda mrefu wenyewe ulikuwa habari njema. Mstari wa mwisho ukatokea. Limekamilika. La kumi na tatu lilikuwa limekatika, la kumi na nne zima.

Usiku 11 mfululizo.

Nilimpigia mkuu wetu wa kitengo. Nilitarajia ukali. Aliuliza swali moja tu: "Mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya sasa hivi, tunarudi wapi?"

"Siku 11 nyuma, mzee."

"Na replika?"

Nikamweleza kwamba replika hutii kila kitu. Jedwali likifutwa kwenye seva kuu, sekunde hiyohiyo linafutwa na kule. Replika inakuokoa mashine ikifa. Mkono ukikosea, inakosea pamoja nawe. Akasema, "Basi chukua bakapu kutoka seva kuu usiku huu. Mengine kesho."

Tukafanya hivyo saa mbili usiku. Seva kuu ililemewa kiasi, ripoti fulani zikachelewa, lakini saa tano na nusu tulikuwa na faili zima. Hatukuridhika na mstari wa mwisho. Tulilirejesha kwenye seva ya majaribio na kuhesabu mistari ya kila jedwali kubwa hadi alfajiri. Wateja walikuwepo. Nililala kwa saa mbili.

Kesho yake ndipo uchunguzi wenyewe ulipoanza, na nilianza na skripti yangu. Ilikuwa na makosa mawili, yote ya mkono wangu. Amri mbili zikiunganishwa kwa alama ya bomba, shell, programu inayotekeleza amri, huripoti hali ya amri ya mwisho. pg_dump ilikuwa ikifa katikati, gzip ikapokea kilichofika, ikakifunga vizuri, ikasema imefanikiwa. Skripti ikaamini gzip. Dawa yake ni mstari mmoja wa `set -o pipefail` juu ya skripti, na nilikuwa naujua. Kosa la pili liliniuma zaidi. Miaka kadhaa kabla, pg_dump ilikuwa ikitoa onyo dogo lisilo na maana kila usiku, na ili barua za cron, ratiba inayoendesha skripti, zisinisumbue nikaelekeza makosa yote `/dev/null`, mahali ambapo kila kinachotupwa hupotea. Onyo lile lilishakwisha zamani. Shimo nililolichimba lilibaki, na kila ujumbe wa kweli ulikuwa ukitumbukia humo.

Nikaondoa yote mawili, nikaendesha bakapu mchana. Ndani ya dakika 50 ujumbe ukaja: ulizo (ombi la kusoma data) limekatishwa kwa sababu linagongana na urejeshaji, na chini yake maelezo kwamba huenda ulizo lingehitaji kuona matoleo ya mistari ambayo lazima yaondolewe.

Mwenzangu aliusoma ujumbe akasema haumwambii kitu. Nikamchorea, na katika kuchora ndipo nami nilipoelewa vizuri zaidi kuliko nilivyokuwa nimeelewa kwa miaka yote.

PostgreSQL haifuti mstari papo hapo. Ukibadilisha mstari, huandika toleo jipya na kuliacha la zamani palepale, kwa kuwa huenda kuna mtu alianza kusoma kabla ya badiliko na bado anahitaji kuona hali ya awali. Baadaye VACUUM hupita kufagia matoleo ambayo hakuna tena anayeyahitaji. Seva kuu inawajua wasomaji wake wote, kwa hiyo haifagii pale mtu aliposimama. Wasomaji walioko kwenye replika haiwajui. Hufagia, huandika kwenye daftari lake la mabadiliko, WAL, kwamba imefagia, na daftari hilo husafiri hadi kwenye replika, ambayo kazi yake ya kwanza ni kutekeleza kila kilichoandikwa humo kwa mpangilio uleule; utekelezaji huo ndio ujumbe uliouita urejeshaji. Hapo ndipo inapokutana na pg_dump, iliyofungua muamala wake wa hifadhidata, yaani kazi yake moja ya kusoma, saa nane usiku na inayotaka kuiona hifadhidata yote kama ilivyokuwa saa nane usiku, hata ikifika saa kumi na moja.

"Mshika mbili," mwenzangu akasema, na hakuimalizia.

Replika husubiri kidogo kabla ya kumkata msomaji. Kipimo chake ni `max_standby_streaming_delay`, sekunde 30 usipokigusa. Nilikuwa nikidhani kila ulizo hupewa sekunde 30 zake. Sivyo. Zinahesabiwa tangu data ya WAL ilipopokelewa, kwa hiyo replika ikiwa tayari imecheleweshwa sekunde 25 na ulizo jingine, linalofuata hubakiwa na 5. Hilo ndilo lililoeleza kwa nini pg_dump ilikufa baada ya dakika 50 leo na baada ya dakika 70 jana, bila utaratibu ambao ningeweza kuushika.

Lakini kwa nini ianze wiki mbili zilizopita, wakati skripti ilikuwa na miaka? Nilipekua orodha ya mabadiliko yetu na jibu likanitazama usoni. Siku 13 kabla, mimi mwenyewe nilishusha `autovacuum_vacuum_scale_factor` ya jedwali la miamala kutoka 0.2 ya kawaida hadi 0.01. Kabla ya hapo jedwali lilifagiliwa baada ya asilimia 20 ya mistari kubadilika, jambo ambalo kwa jedwali kubwa kama lile lilikuwa nadra. Sasa lilifagiliwa mara kadhaa kwa siku, usiku ukiwemo. Lilikuwa badiliko zuri, na maulizo ya seva kuu yaliharakika. Nililifanya seva kuu, nikalipima seva kuu, nikafurahi seva kuu. Kwamba ufagio huo ungefika hadi kwenye replika na kumkuta mtu amesimama, hilo halikunijia.

Dalili nyingine nayo ilikuwepo. Replika ina jedwali la takwimu liitwalo `pg_stat_database_conflicts`, linalohesabu maulizo yaliyokatwa kwa aina ya mgongano. `confl_snapshot` ilisoma 57. Nyingi zilikuwa za ripoti. Watu wa ripoti walikuwa wamenilalamikia mara mbili wiki ile kwamba ripoti ndefu zinakatika, nami nikawajibu wajaribu tena. Walijaribu tena, zikapita, wakashukuru. Wale walikuwa wananiletea habari ya bakapu bila kujua, na bado nawiwa nao radhi.

Njia ya kwanza niliyopendekeza ni kupandisha ule muda wa kusubiri hadi saa nne. Ingefanya kazi. Ila replika ingesimama bakapu inapoendelea, na watu wa ripoti wangeamka alfajiri wakisoma data ya saa nane usiku wakidhani ni ya sasa. Mkuu akakataa, na alikuwa na haki.

Ya pili ni `hot_standby_feedback`, iliyoingia toleo la 9.1 mwaka 2011. Ukiiwasha, replika huitumia seva kuu namba ya muamala wa zamani zaidi ambao wasomaji wake bado wanauhitaji, na VACUUM haigusi kitu ambacho wasomaji hao wangeweza kukihitaji. Gharama yake iko seva kuu: kwa saa tatu za bakapu, matoleo yaliyokufa hurundikana bila kufagiwa, na msomaji akisahaulika muamala wake wazi siku nzima, majedwali huvimba. Nilitazama idadi ya mistari iliyokufa usiku wa kwanza. Ilipanda, kisha baada ya saa kumi na moja alfajiri ikashuka. Tulikubali gharama hiyo.

Bakapu ya Jumatano usiku ikapita. Ya Alhamisi ikapita. Ya Ijumaa ikapita. Nikaandika taarifa kwamba tatizo limekwisha, nikaituma.

Jumapili asubuhi simu yangu ilikuwa na ujumbe kutoka skripti mpya. Bakapu ya Jumamosi usiku imeshindwa. Ujumbe wa juu ulikuwa uleule, mgongano na urejeshaji, na kwa dakika kadhaa nilishuku kwamba mpangilio wangu haukuwaka. Ulikuwa umewaka. Ni maelezo ya mstari wa pili yaliyokuwa tofauti: mtumiaji ameshikilia kufuli la jedwali kwa muda mrefu mno. Nikarudi kwenye takwimu. `confl_snapshot` haikuwa imesogea tangu Jumatano. Iliyosogea ni `confl_lock`, kutoka 3 hadi 4.

Kufuli? Nani anafunga jedwali saa tisa usiku?

Ilinichukua asubuhi nzima. Kila Jumamosi usiku tulikuwa na kazi ya kufuta vikao vya watumiaji vilivyokwisha muda, mamilioni ya mistari kwa mkupuo. VACUUM ikija baada ya hapo hukuta kurasa za mwisho za faili zimebaki tupu, na hapo hufanya jambo la ziada: hulikata faili ili kuirudishia diski nafasi. Kukata huko kunahitaji kufuli kali kuliko yote, ACCESS EXCLUSIVE, linalowazuia wengine wote kuligusa jedwali, hata kama ni kwa kitambo kidogo. Kufuli hilo nalo huandikwa kwenye WAL na kutekelezwa kwenye replika. Na pg_dump, inapoanza, hushika kufuli jepesi kwa kila jedwali itakalolinakili, na haliachii hadi mwisho wa kazi yote. Jedwali la vikao lilikuwa halijafikiwa hata kunakiliwa. Haikujalisha. Hata lingekuwa limekwisha kunakiliwa saa mbili zilizopita, isingejalisha.

Ingekuwa pg_dump inasoma seva kuu, VACUUM ingekuta kufuli limeshikwa, ingeacha kukata faili na kuendelea na mambo yake. Lakini kule seva kuu hakukuwa na aliyeshika chochote. Ujumbe wa feedback hubeba namba ya muamala. Haubebi kufuli. Nilipoliona hilo niliinuka nikatembea hadi dirishani. Nilikuwa nimesoma maelezo ya mpangilio ule Jumatano, nikaona neno mgongano, nikadhani ni mgongano wote.

Dawa ilikuwa fupi, na ilikuwepo kuanzia toleo la 12 hasa, la mwaka 2019: amri moja ya kuzima `vacuum_truncate` kwa jedwali la vikao. VACUUM inaendelea kufagia humo, ila hailikati faili, na nafasi iliyoachwa inatumiwa na vikao vipya vya wiki inayofuata. Kwa jedwali linalojaa na kupungua kila wiki, sioni hasara yoyote.

Sikutuma taarifa safari hii. Nilisubiri Jumamosi nyingine ifike.

Usiku huo sikulala. Saa nane kasorobo kazi ya kufuta vikao iliisha. Saa nane pg_dump ikaanza. Nilikuwa nimefungua dirisha la pili kwenye seva kuu, nikitazama `pg_stat_progress_vacuum`, na saa tisa na dakika kumi jina la jedwali la vikao likatokea. Kupitia kurasa. Kusafisha faharasa. Kusafisha kurasa. Nilikuwa nikingoja hatua ya kukata faili, ambayo ndiyo iliyoniangusha wiki iliyopita. Haikuja. Jina likatoweka kwenye orodha. Nikahamia kwenye replika: `confl_lock` bado 4, na pg_dump ilikuwa katikati ya jedwali la miamala, inasonga.

Saa kumi na moja na dakika tano ikamaliza. Skripti mpya ikachukua faili, ikalirejesha kwenye seva ya majaribio, ikahesabu, ikatuma matokeo kwa watu wawili, mimi na mwenzangu. Sikumwamsha. Asubuhi saa mbili akanijibu mwenyewe.

"Nimeona, kaka. Risiti zipo, vikao vipo, wateja wapo wote. Sasa naomba niitumie seva ya majaribio, kazi yangu imesimama tangu Jumanne ile."

Nikamwambia achukue.